Nitakwenda na Bibi

Walimu wenzangu wanne wameamua kwamba likizo ijayo tutakwenda Guangzhou, siku nne, kutembea na kula. Si biashara. Hapa Kasese mtu akisema anakwenda China, watu humuuliza anakwenda kuleta nini. Sisi hatuleti kitu, tunakwenda kula tambi na kupiga picha. Kazi ya kuandika ratiba wamenipa mimi, eti mwalimu wa Kiswahili ndiye mwenye maneno. Nilikubali upesi, nikarudi nyumbani, nikavuta sanduku la magurudumu lililo chini ya kitanda nione kama bado linafaa. Nilipofungua zipu ikanipiga harufu ya naftalini na ubani wa zamani. Nikakaa chini sakafuni, na hasira ikanirudia, mbichi vilevile kama siku ile.

Ratiba hiyo nilikwisha kuiandika. Niliiandika nikiwa na miaka kumi, kwa penseli, kwenye karatasi niliyoichana katikati ya daftari la hesabu. Niliiandika kwa ajili ya Jaja, mama yake baba yangu, na sanduku hili ndilo tulilodhani litakwenda naye.

Tulikaa Bwera, karibu na barabara inayoteremka kwenda Mpondwe mpakani. Baba alikuwa mfanyabiashara. Alinunua viatu, simu na vitenge, akavivusha daraja la Lhubiriha mpaka Kasindi, kisha Beni, kisha Butembo, na mara mbili kwa mwaka alikwenda mwenyewe China kuchagua mali. Mji wa Guangzhou wafanyabiashara wa kwetu waliuita Gwanzu, na sisi watoto tulilitamka jina hilo kama watu wanaotaja duka la jirani. Kiswahili chake Baba alikiokota kule Kongo, pamoja na wateja wake. Alisema mutu, alisema bintu, kila kitu kwake kilikuwa "iko".

Mimi Kiswahili changu nilikipata madrasa, na nilikipata kwa kiboko. Ustadhi wetu alikuwa mtu wa Tanga, na Kiswahili cha mpakani kilimuuma kama jino bovu. Siku moja alituuliza bibi ni nani. Nikanyoosha mkono kabla ya wote, nikasema, "Bibi iko muke ya mutu." Nilikuwa na hakika, maana ndivyo soko zima la Mpondwe linavyosema. Nikala viboko viwili vya kiganjani, kimoja cha "muke ya mutu" na kimoja cha bibi. "Bibi," akasema Ustadhi, "ni mama wa baba yako au mama wa mama yako. Rudia." Nilirudia mpaka adhuhuri. Neno likiingia kwa njia hiyo haling'oki.

Nyumbani hatukuwa na shida ya kuchanganya, kwa sababu Jaja tulimwita Jaja, kama Waislamu wengi wa kwetu waliochukua neno hilo kwa Waganda. Alikuwa na chumba chake nyuma, karibu na jiko. Mumewe alifariki Baba akiwa bado ananyonya, naye akamlea peke yake kwa kubeba chumvi ya Katwe kichwani na kuiuza juu huko milimani. Utosini nywele zake zilikuwa chache mahali ulipokaa mzigo. Hakuwahi kulalamika, ila mara moja moja, Baba akitoka na gari, alikuwa akisema, "Mwanangu anajua nchi nyingi." Mimi nilisikia fahari tu. Sasa nasikia na kitu kingine.

Basi siku hiyo nilikuwa nyuma ya stoo nachambua maharage, Baba yuko upande wa pili anaongea kwenye simu na Papa Kasereka, mwenzake wa biashara aliyekaa Butembo. Baba alikuwa na tabia ya kupiga kelele kwenye simu kana kwamba anataka Butembo wamsikie bila mtambo.

"Hapana, Papa Kasereka, hii mara siendi pekee. Nitaenda na bibi. Ndiyo, bibi! Kazi nitafanya mbele, kisha siku ine tutembee tu, tukule bintu ya kule, apumzike kidogo. Hajapandaka avio hata siku moja. Hajaona kitu."

Niliacha maharage. Nilijiona mjanja kuliko Bwera yote, maana mimi nilijua maana ya neno lile, na viganja vyangu vilikuwa mashahidi. Nikakimbia chumbani kwa Jaja, na kwa Kikonzo, lugha tuliyozungumza mimi na yeye, nikamwambia Baba anampeleka Gwanzu. Sikumpa neno, nilimpa tafsiri. Hapo ndipo nilipoharibu.

"Mimi?" Jaja akauliza.

"Wewe. Amesema hujapanda ndege, hujaona kitu, upumzike."

Alicheka akijiziba mdomo, kisha akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Mwanangu amenikumbuka," akasema. Nikataka kwenda kumwambia Mama, akanishika mkono. "Mtu akikuandalia zawadi, usimchungulie. Atasema mwenyewe siku yake ikifika." Hivyo hakumuuliza Baba, wala hakumwambia Mama. Kuhusu hati ya kusafiria hakuna aliyewaza. Kwetu mpaka ni daraja tu. Jaja alilivuka maisha yake yote akiwasalimu askari, na makaratasi alidhani ni mambo ambayo wanaume hushughulikia.

Baada ya wiki moja Baba akaja na sanduku jipya la magurudumu, la rangi ya zambarau. Akalipeleka moja kwa moja chumbani kwa mama yake.

"Mama, uniwekee hii hapa kwako. Batoto basiiharibu."

"Ndiyo, mwanangu," Jaja akajibu, akiangalia chini kama bibi harusi. Baba alipotoka tulitazamana. Tungehitaji ushahidi gani tena? Jioni ile Jaja akaniambia nichukue penseli.

Habari za Gwanzu nilizichota kwa Mzee Swaibu, muuza viatu wa jirani, aliyekuwa amekwenda huko mara nyingi. Nilimdanganya kwamba ni kazi ya shule. Mzee alipenda kula kuliko kuuza, kwa hiyo aliniambia zaidi ya nilichouliza, nami nilibeba kila neno mpaka chumbani kwa Jaja. Siku ya kwanza tukaweka kufika, kuswali, na kwenda kwa Waislamu wa kule wanaovuta tambi kwa mikono mbele ya macho yako na kukupa kwenye bakuli la supu ya ng'ombe.

"Na bundu?" Jaja akauliza, maana kwake mlo bila ugali wa muhogo si mlo.

"Mzee Swaibu anasema hawana bundu."

"Basi nitabeba unga wangu wa muhogo. Tambi si chakula cha kumlaza mtu."

Siku ya pili tukaweka mto, maana mji ule una mto mkubwa na boti za kutembeza watu. Jaja akataka kujua kama hufurika kama mto wetu Nyamwamba ulivyofanya kule Kilembe. Nikarudi kuuliza. Mzee Swaibu akasema wameujengea kingo za mawe, Jaja akaridhika, nikaandika "boti". Siku ya tatu ilikuwa ya kula tu: mishkaki ya kondoo yenye bizari nyembamba, na vimandazi vya mvuke vyenye nyama ndani, ila kwanza tuulize ni nyama gani. Jaja alinifanya niandike "KWANZA TUULIZE" kwa herufi kubwa.

Siku ya nne haikuwa na kitu, mpaka Mzee Swaibu aliponiambia kwamba mjini humo kuna kaburi ambalo wenyeji husema ni la sahaba wa Mtume, liko chini ya miti, na siku za Ijumaa watu hujaa. Nilipomfikishia Jaja, aliisogeza karatasi karibu yangu. Makka hakwenda na alijua hatakwenda. "Andika hiyo ya nne," akasema, "na uipigie mstari. Pale nitamwombea baba yako. Kazi yake ni ya barabarani, na barabara haina huruma." Tena akaniambia niongeze: chupa tupu, ya kuchukulia maji kama yapo.

Alishindwa kuifunga siri kwa mtu mmoja tu. Alimpa salamu mkulima wa kahawa aliyekuwa anakwenda Kitswamba, amwambie mdogo wake Kabugho kwamba anasafiri kwenda China na mwanawe. Ndugu wa tumbo moja, angemnyima vipi?

Siku ikafika. Baba alikuwa amemwambia Mama kwamba atapita Ijumaa asubuhi kuchukua vitu vyake, akitokea Kasindi. Jaja aliamka mapema, akaoga, akavaa gomesi yake ya kijani na mtandio mweupe, akajifukiza ubani, akaketi barazani na sanduku la zambarau pembeni ya mguu. Mama akatoka na chupa ya chai.

"Mama, unakwenda wapi hivyo?"

"Utaona," Jaja akasema, na mimi nikacheka kwa furaha.

Gari likaingia. Baba akashuka. Kwenye kiti cha mbele alikuwepo mwanamke kijana, kucha nyekundu, nywele zimesukwa juzi. Mama alidhani ni mteja aliyepewa nafasi, hata akamwinulia mkono. Baba akasalimu haraka haraka, akasema, "Mama, ile sanduku iko wapi?"

"Hii hapa, mwanangu. Niko tayari."

Baba hakulisikia hilo la mwisho, au alijifanya. Akalinyanyua, likamzidi uzito. "Iko na nini ndani?" Akalilaza pale pale barazani akavuta zipu. Ndani kulikuwa na msala wa kuswalia, kanga mbili, ndala, kilo mbili za unga wa muhogo zilizofungwa kwa kamba, na chupa tupu. "Bintu ya nani hii?"

Kabla Jaja hajajibu, yule mwanamke akashuka, akaja akapiga magoti mbele yake, kama mwanamke mwenye adabu anavyomsalimu mkwe. "Asalaam aleikum, Mama."

Baba akatazama magurudumu ya gari. "Mama, huyu ni bibi yangu. Nilimuoa kule Kasindi. Nilitaka nikuambie nikirudi."

Nitasema nilivyowaza, ingawa ni aibu. Kwa dakika moja nilidhani Baba amerukwa na akili, anamwita msichana mwenye kucha nyekundu nyanya yake. Kisha viganja vyangu vikaanza kuwasha, na lile jibu langu la madrasa likanirudia lote. Muke ya mutu. Nilikuwa nimejua tangu mwanzo, nikapigwa mpaka nikasahau.

Jaja alinigeukia. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Kwa Kikonzo, polepole, akaniuliza, "Siku ile baba yako alitamka neno gani?"

"Bibi," nikasema.

Akafumba macho, akayafumbua. Kisha akainama, akafunga zipu mwenyewe. "Ni vitu vyangu," akamwambia Baba. "Nakwenda Kitswamba kwa Kabugho, nikaliazima sanduku lako. Nisamehe, mwanangu, nilitakiwa kukuomba."

Baba alijikuna shingo. "Ibaki nayo, Mama. Si kitu." Vitu vya yule mwanamke vikatiwa kwenye mfuko wa sandarusi uliokuwa garini. Mama alikuwa bado amesimama na chupa ya chai mkononi. Na Jaja, mwenye gomesi yake ya safari, akainua viganja vyake akawaombea dua wote wawili, barabarani na angani, waende salama na warudi salama. Mpaka leo hiyo dua ndiyo inayonichoma. Angewalaani kidogo tu, ningepona.

Gari lilipotoweka Mama alinivuta jikoni. "Ulisikia nini, wewe? Sema yote." Nikasema yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka kicheko kifupi kisicho na kitu ndani. "Ungeniletea mimi neno lile kama lilivyo," akasema, "siku ile ile ningejua." Hakunipiga. Wala hakunirudishia habari hiyo tena, ila kwa muda mrefu alikuwa akinituma dukani ananiambia, "Rudia nilichosema."

Uongo wa Jaja ukishasemwa ilibidi uende kwa miguu yake. Akanichukua tukaenda Kitswamba siku ile ile, na tulipokaribia nyumba ya Kabugho, mdogo wake akatoka mbio mikono juu, majirani nyuma yake.

"Ai, dada! Umerudi kutoka China!"

Salamu za yule mkulima zilikuwa zimefika wiki mbili nyuma. Jaja alinitazama. Nilimwona akipima, mbele ya wanawake wote wale, aibu ipi ni ndogo. "Nimerudi," akasema.

Tulikaa siku nne, na siku hizo nne tuliisafiri ile ratiba. Wanawake walikuja na kahawa zao za kuchambua, wakaketi, na Jaja akawapa siku ya kwanza: tambi zinavyovutwa mpaka zinakuwa nyembamba kama uzi. Alipokwama mimi nilimsaidia. Nilieleza boti na kingo za mawe; nilieleza tulivyouliza kwanza ni nyama gani. Nilikuwa hodari wa uongo huo kwa sababu nilikuwa nalipa deni langu. Siku ya nne akawapeleka kaburini chini ya miti, na alipofika pale alipomwombea mwanawe, akalia kweli. Wanawake wakalia naye, wakisema imani gani hiyo.

"Na sisi umetuletea nini?" mmoja akauliza.

"Mizigo inakuja na meli," Jaja akajibu. Alikuwa mama wa mfanyabiashara, hilo alilijua. "Kontena bado liko majini."

Kabugho alikuwa jikoni. Nadhani alijua tangu saa ya kwanza, kwa sababu ndiye aliyefungua sanduku akakuta unga wa muhogo wa Bwera na fundo lake halijafunguliwa. Aliupika bundu, akatupakulia, hakuuliza.

Mimi nilirudi shule. Jaja hakurudi tena Bwera. Alisema hewa ya Kitswamba inamkubali. Aliishi huko miaka sita, na watu wakamzoea kwa jina la Jaja Kontena. Hawakuwa na ubaya, walimtania tu njiani, "Bado halijafika Mombasa?" naye akajibu, "Bado, bahari imechafuka." Nilipomtembelea likizo nilisikia utani huo kila asubuhi, na kila asubuhi nilitaka kuwarushia mawe. Baba aliporudi kutoka China Mama alimtapikia yote, sanduku, unga, chupa, neno. Baba akaenda Kitswamba na vitambaa viwili vya gomesi. Jaja alimpokea, akamkalisha, akampikia, akamuuliza habari za barabara. Hakutaja kitu, na Baba, kwa kuwa hakuulizwa, akajihesabu amesamehewa.

Siku tulipomzika, kikongwe mmoja alinishika mkono mbele za watu akaniuliza kwa upole kabisa, "Na lile kontena, lilifika?" Baba alikuwa hatua mbili kutoka kwetu. Alisikia. Akasogea kwenye kivuli cha migomba akaanza kutafuta kitu kwenye simu yake.

Kwa miaka nilimlaumu Ustadhi, kisha nikajilaumu mimi. Sasa nafundisha neno hilo hilo, na wanafunzi wangu nawapa maana zote mbili, na fimbo sina. Lakini siku hizi silaumu tena tafsiri. Hata kama ningelifikisha neno kama lilivyo, ukweli ungekuwa ule ule: mtu alikuwa na nafasi moja kando yake ndani ya ndege, na aliyembebea chumvi mpaka nywele zikang'oka hakumjia akilini hata kwa bahati mbaya. Mimi mtoto nilimfikiria mtu huyo mara moja. Nilikosea lugha, sikukosea mtu.

Nilikuwa bado sakafuni, ile karatasi, niliyoikuta ndani ya sanduku nililorithi kwa Jaja, iko gotini, simu ikalia. Ni Baba. Amezeeka, yule mwanamke wa Kasindi alikwisha kurudi kwao, na habari ya safari yetu imemfikia, sijui nani ana mdomo hivyo.

"Nasikia unaenda Gwanzu."

"Ndiyo, Baba."

"Mimi kule najua yote. Unibebe na mimi, mwanangu. Siku ine tu. Nitembee, nikule ile tambi, nipumzike kidogo."

Nikaitazama karatasi. Siku ya nne bado ina mstari wake, umefifia lakini upo.

"Haiwezekani, Baba. Nina mtu."

"Unaenda na nani?"

"Nakwenda na bibi."

Nilisikia lori likipiga honi nyuma yake, kwenye barabara ya Mpondwe. Nikangoja aniulize bibi gani. Hakuuliza.